Tumbo la Sufu

Siku ya Herme, mwezi nne Maimakterioni

Naanza kuandika. Ferekle, mume wangu, alinifundisha herufi ili niandike kwenye mitungi ya asali: hii ya zaatari, hii ya kuuza, hii ya kula wenyewe. Hakunifundisha ili niandike hofu. Lakini vibao vya kupakwa nta vipo, nta ni ya nyuki wetu wenyewe, na kinywa changu siku hizi nimekifunga. Nikimaliza nitakificha kibao chini ya kikapu cha sufu. Mwanamume gani atafukua sufu?

Leo karani wa Arkoni kaja nyumbani. Arkoni, mkuu wa mji, ndiye mlezi wa walezi. Yatima wote wa mji wako chini yake, na mabinti walioachiwa mali bila kaka, na sisi wajane tunaosema tuna mimba ya marehemu. Mimi ni wa kundi hilo la mwisho. Nimeapa kwa mungu wa kike Artemi, shela usoni, mkono tumboni, mbele ya kaka yangu Eupolemo na mbele ya shemeji yangu Smikrioni: nina mimba ya miezi mitatu, ya Ferekle, aliyekufa kwa homa mwezi wa Boedromioni. Karani akaandika. Sauti yangu ilitetemeka, wakadhani ni haya.

Haya gani! Ni woga mtupu.

Mtoto akizaliwa wa kiume, yeye ndiye mrithi, na binti yangu Plangoni ni dada wa mrithi, ataozwa kwa heshima zake. Kama hakuna mtoto wa kiume, basi Plangoni ndiye mrithi. Mrithi jina tu! Ana miaka kumi na minne. Nyumba, mizeituni, mizinga ya nyuki kule mlima Himeto, vyote vinamfuata yeye, na yeye anamfuata ndugu wa karibu wa baba yake, amwoe. Sheria ndivyo inavyosema. Na ndugu wa karibu ni Smikrioni. Mtoto anamwita Baba Mdogo tangu aanze kusema, na Baba Mdogo anataka kuwa mume. Wake wawili keshawazika. Wa kwanza nilimwosha mimi. Niliuona mgongo wake, na tangu siku hiyo simwangalii mtu yule usoni.

Ferekle alilijua hilo. Aliandika wosia: mtoto wa dada yake, kijana mpole, awe mwanawe wa kupanga, na Plangoni aolewe naye. Wosia uko kwa rafiki yake Hipokle. Na Hipokle yuko wapi? Ponto, kununua ngano! Bahari imefungwa kwa baridi, hakuna chombo mpaka mbayuwayu warudi. Smikrioni kaguna: "Wosia wa hewani huo."

Kwa hiyo sasa tumbo langu ndilo kufuli la nyumba hii. Mimba ikiwepo, hakuna wa kumdai Plangoni wala wa kunitoa mimi.

Kuna jambo moja nililolifanya vizuri leo. Karani alikuwa anaorodhesha mali ya yatima, maana Smikrioni ndiye kawekwa kuwa mlezi wa mali. Akafika kwa Thrata, mjakazi wangu. Smikrioni akasema, "Huyo wa marehemu. Andika." Nikasahau adabu, nikapaza sauti ndani ya shela: "Si wa marehemu! Ni wa kwetu! Nilikuja naye nilipoolewa, yeye ndiye aliyeninyonyesha. Mwenye kummiliki ni kaka yangu!" Eupolemo akasema ni kweli. Karani akafuta, akaandika upya.

Smikrioni hakubisha hata kidogo. Thrata akanikonyeza. Nimemwokoa mikononi mwa Smikrioni.


Siku ya Apolo, mwezi saba Poseideoni

Imetoka.

Asubuhi, nimeinama kwenye mtungi wa maji. Thrata alikuwepo. Yote kafanya yeye. Kamzika chini ya mtini, uani. Anasema alikuwa wa kiume. Nilitamani asiniambie.

Sikulia kwa sauti. Ukuta wetu na wa Smikrioni ni mmoja.

Ee Artemi — niliapa kweli. Siku ile ilikuwa kweli.


Siku ya Poseidoni, mwezi nane Poseideoni

Wazo ni langu. Naliandika hapa nisije siku moja nikamsingizia Thrata.

Yeye alisema, "Mwanangu, mwambie kaka yako." Tukiwa wawili huniita mwanangu. Mbele za watu, bibi. Nikamwambia: Eupolemo? Mdomo wake hauna mlango! Mtu mwema, lakini wema wake ni wa kutangaza barabarani. Atakwenda kwa Arkoni kabla hajamaliza kutafuna, na mwezi haujajaa Smikrioni keshamdai Plangoni.

"Mbayuwayu wanarudi lini?" nikamwuliza.

"Mwezi wa Anthesterioni, baridi ikiisha. Wakichelewa, Elafebolioni."

"Basi mpaka Hipokle ateremke chomboni na wosia, mimi nina mimba."

Kaenda kwenye kikapu, kachagua sufu laini kuliko zote, kaishona ndani ya kitani. Kamba zinazunguka mbavu, fundo liko mgongoni kabisa, pale mkono wangu haufiki. Asubuhi ananifunga yeye, usiku ananifungua yeye. Leo kidogo tu. Kila mwezi tutaongeza.

Plangoni hajui na hatajua. Asiyejua hana la kusema.

Nyumba ina unajisi, maana mimba ikitoka mlango hutiwa alama na watu hawaingii siku nyingi. Sikuweka alama. Leo jirani kaingia kuazima chungio, kisha kapita hekaluni na unajisi wetu. Nimemwona na chungio lake mkononi, nikatamani kumrudisha.


Siku ya Hekate, mwisho wa Poseideoni

Wakubwa wa mji wameamua mwaka umeachwa nyuma na jua, basi mwezi unarudiwa. Kesho si Gamelioni, ni Poseideoni wa Pili. Najua mbayuwayu hawana habari na karani. Lakini kusikia kwamba baridi imeongezewa mwezi mzima, nimekaa chini kwenye ngazi.

Smikrioni kaleta shayiri. Mlezi lazima alishe yatima, na yeye analeta kwa kipimo, analeta mwenyewe, ili apate kuchungulia.

"Hujambo, shemeji? Na mgeni wetu hajambo?"

"Hajambo."

"Kumbuka tu. Arkoni anaweza kuongeza mwezi kwenye mwaka. Kwenye tumbo hawezi!"

Kacheka peke yake. Halafu kaangalia mtini.

Mbona kaangalia mtini? Labda kaangalia tu, mti uko mbele ya macho yake, aangalie wapi? Nimemwambia Thrata. Kasema, "Smikrioni akitazama mti anahesabu kuni." Nikacheka. Kisha nikakimbilia ndani kutapika, kama mjamzito wa kweli.


Siku ya Artemi, mwezi sita Poseideoni wa Pili

Leo nilikuwa nimekufa, nikafufuliwa.

Smikrioni kamtuma mkewe! Eukolini, huyu wa tatu, mwanamke mnyonge anayetembea kwa kufuata ukuta. Kaja na vitumbua vya ufuta. Smikrioni mwenyewe kasimama uani, anasubiri. Eukolini kafunga mlango, kasema kwa sauti ndogo, "Mwenzangu, nisamehe. Nimetumwa nikushike tumbo."

Ningesema nini? Nikikataa, jibu keshalipata. Nikasimama. Mkono wake ukaja, baridi, ukakaa juu ya vazi. Ukabonyeza. Yule kazaa watano. Sufu ni sufu!

Nilimtazama machoni, akanitazama.

Halafu akapaza sauti kuelekea mlangoni: "Loo! Anapiga mateke huyu! Atanivunja mkono!"

Kisha viatu vya Smikrioni vikaondoka, polepole.

Eukolini kanisogelea. "Akimchukua binti yako, mimi ananirudisha kwa baba yangu," kaninong'oneza. "Na baba yangu alikwisha kufa." Kanirekebishia vazi ubavuni. "Mwambie mjakazi wako akaze. Kushoto kumelegea."

Kaondoka bila kula hata kitumbua kimoja. Nimelia sana leo, nimelia kama mtoto. Plangoni kaniambia, "Mama, usilie, utamdhuru mdogo wangu."


Mwezi ishirini na tano Gamelioni, siku ya harusi za watu

Mwezi wa harusi. Toka asubuhi filimbi njiani. Plangoni hapandi tena darini kuangalia maharusi. Zamani alikuwa haondoki kule.

Kaniuliza tukifuma: "Mama, Baba Mdogo akinidai kwa Arkoni, nikikataa?"

Nikamwambia hatakudai, kuna mdogo wako anakuja.

"Na akiwa wa kike?"

"Atakuwa wa kiume."

"Unajuaje?"

Nimemkaripia kwa uzi aliouharibu. Uzi haukuwa na kosa lolote. Mwongo hukosa hata subira ya kumjibu mtoto.

Smikrioni kahamisha mizinga sita kutoka Himeto kwenda kwenye shamba lake. Anasema nyuki wa yatima watalindwa vizuri zaidi kwake.


Mwezi tano Anthesterioni

Naandika kwa nguvu, nta inachimbika.

Eupolemo kaja mchana, uso umemwiva kwa furaha, kakaa, kadai divai. "Nimemfunga mdomo yule mbwa! Nimemfunga mbele ya soko zima!"

Kanisimulia. Smikrioni alimsimamisha penye wauza asali, mashahidi saba nyuma yake. Akasema kwa sauti: mkewe ni mjinga, ushahidi wake haumtoshi. Kama kweli dada yako ana mimba, nipe mjakazi wake aulizwe.

Kuulizwa! Neno jepesi, eti. Maana yake gurudumu la kunyooshea viungo, na mjeledi. Neno la mtumwa barazani halisimami hivihivi. Sharti litoke kwa maumivu, ndiyo wanaliamini. Mimi mwenyewe tangu utoto nimewasikia wanaume wakisema hakuna ushahidi safi kuliko huo, na sikuwahi kufikiri ni mwili wa nani.

"Ukasemaje, kaka?"

"Nilisemaje! Nikamwambia mchukue! Mchukue hata leo! Damu yetu haisemi uongo. Wamepiga makofi, dada. Tumeandikiana: sikukuu ya divai mpya ikiisha, kesho yake, mwezi kumi na nne, asubuhi, uani kwake. Na akimvunja mkono, ananilipa mimi."

Analipwa yeye. Mkono wa Thrata, malipo ya Eupolemo.

"Kaka, Thrata ni mzee."

"Ndiyo vizuri. Atasema ukweli mara moja, yatakwisha, hawatamgusa sana. Una hofu ya nini?"

"Sina hofu."

Kanipapasa kichwa, kama zamani nilipokuwa mdogo. Anajivunia mimi! Hilo ndilo linaloniua. Angekuwa mtu mbaya ningejua pa kumshika.

Thrata alikuwa anaosha vikombe mlangoni. Kasikia yote. Kaendelea kuosha.


Mwezi kumi na moja Anthesterioni, Siku ya Kufungua Mitungi

Mji mzima unaonja divai mpya. Kila nyumba kelele. Mimi nimekaa nafikiri, na leo nimeelewa.

Ni mimi! Ni mdomo wangu, siku ile ya karani!

Ningenyamaza, Thrata angeandikwa mali ya yatima, chini ya mkono wa Smikrioni. Na hakuna baraza linaloamini maneno ya mtumwa aliyeteswa na mtu anayemshika yeye mwenyewe. Watu wangemcheka: umempiga mjakazi wako mpaka akasema unachotaka! Mtumwa wa kuulizwa lazima atoke upande wa pili. Mimi ndiye niliyemtoa. Nilipiga kelele mbele ya karani, si wako, ni wetu, nikaona nimeshinda. Ndiyo maana hakubisha. Ndiyo maana alinyamaza kama paka penye tundu. Na mimi nikaandika hapa kwamba nimemwokoa. Nimekisoma kibao hicho leo. Nimetamani kukitia motoni.

Nimemwita Eupolemo. Nimemwomba amwache Thrata huru. Aliye huru hateswi.

Kashangaa. "Sasa hivi? Siku tatu kabla? Watasema tumemficha!"

"Kanilea, kaka. Kakulea na wewe."

"Basi baada ya hapo. Akirudi nitamwacha huru, naapa, nitamnunulia na mbuzi." Kaniangalia tumboni, kwa mara ya kwanza tangu Maimakterioni. "Dada. Kuna jambo?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Ningesema tu. Plangoni alikuwa anaimba uani, wimbo wa watoto wa kumwita mbayuwayu.

"Hakuna jambo," nikasema.

Kaondoka. Divai kaiacha nusu.


Mwezi kumi na mbili, Siku ya Vikombe

Leo wafu wanatembea. Toka asubuhi tunatafuna majani ya mwiba, na Thrata kapaka lami mlangoni ili wasiingie. Kapaka vizuri, mpaka kizingitini. Nikamwambia asijisumbue. Kasema, "Mlango ni mlango, bibi. Nikiuacha nusu, utakosa usingizi." Mtu anayengojwa na gurudumu, anahangaikia usingizi wangu!

Ni siku ambayo watumwa wanakunywa na mabwana. Tukaketi watatu, kila mtu na gudulia lake, hakuna kuzungumza mpaka umalize, ndiyo desturi. Plangoni kamaliza wa kwanza, kashangilia, kaenda kuwaonyesha majirani shada lake la maua. Tukabaki wawili.

Nilitaka kumwambia: sema. Wakikugusa tu, sema ukweli, usiumie kwa ajili yetu. Maneno yalikuwa hapa kooni. Nilifungua kinywa.

Sikuyasema. Naandika ili ijulikane, hata kama hakuna wa kujua. Nilimwona Plangoni na maua yake kwenye mlango wa jirani, nikameza maneno yangu na divai.

Thrata ndiye aliyesema. "Mwanangu, nisikilize. Nitapiga kelele. Nitapiga sana, maana nimezeeka na sina aibu. Wewe usitoke. Kelele si maneno. Ukisikia kelele, ujue bado sijasema kitu."

Nikamshika mikono. Ina lami bado.

"Na ukiniombea, usimtaje Thrata," kasema. "Nusu ya wajakazi wa mji huu wanaitwa Thrata. Kila aliyetoka Thraki ni Thrata! Miungu watamsaidia mwingine. Sema Zia. Kwetu niliitwa Zia."

Miaka thelathini na mitatu ninaishi naye. Sikuwahi kumwuliza.


Mwezi kumi na tatu, Siku ya Vyungu

Nimepika chungu cha nafaka za wafu. Hakionjwi. Nimeweka kwa ajili ya Ferekle, na kidogo chini ya mtini.

Mahekalu yamefungwa leo, yote. Hata pa kukimbilia kuomba hakuna.

Alasiri Plangoni kapiga ukelele uani: "Mama! Mbayuwayu! Yule pale, juu ya paa!" Tukatoka sote watatu. Kweli, ni yeye, mkia wake wa panda. Thrata kamtazama, kasema, "Umechelewa, mdudu wee." Kamrushia makombo.

Siku kumi zaidi. Labda kumi na tano, na chombo cha Hipokle kinaingia. Kesho ni kesho.


Mwezi kumi na nne Anthesterioni

Wamemchukua.

Kabla hawajaja kanifunga. Kakaza mpaka nikaishiwa pumzi. "Nimepiga fundo mara mbili," kasema, "leo ni siku ndefu." Kisha kavaa kitambaa safi kichwani. Wakabisha hodi. Smikrioni, mashahidi, mtu mmoja nisiyemjua mwenye mikono mikubwa, na Eupolemo nyuma yao, leo hana maneno. Thrata kaniinamia mbele yao wote. "Kwaheri, bibi." Plangoni kauliza anakwenda wapi. Nikasema anakwenda kuulizwa kitu.

Naandika ili mikono iwe na kazi. Ukuta ni mmoja. Nasikia kila kitu: wanaburuta kitu kizito cha mbao. Smikrioni anasema sogezeni kivulini. Mtu anakohoa.

Zia. Zia. Zia.

Ameanza.

Sikujua mtu mzee ana sauti namna ile. Kelele si maneno. Alisema mwenyewe. Bado hajasema kitu. Tena. Hajasema kitu. Tena—

Nimesimama. Nimechukua mkasi wa sufu, nimepitisha mgongoni, nimejichuna, kamba imekatika. Tumbo limeanguka sakafuni. Nimeliokota, nimekwenda nalo mpaka mlangoni. Nilikuwa naenda! Naapa nilikuwa naenda, niwatupie usoni, niseme mwacheni, huyu hapa mtoto wenu! Mkono ulikuwa juu ya komeo.

Halafu ikaja kelele nyingine, na nikafikiri: bado hajasema. Na nikafikiri: mbayuwayu karudi. Na nikafikiri juu ya mgongo ule nilioosha.

Nimerudi. Nimekaa. Mimi ni mtu wa namna gani?

Sasa kimya.

Alinifundisha cha kufanya nikisikia kelele. Kimya hakunifundisha. Amesema? Au amezimia? Au—

Watu wanasogea. Mlango wao umefunguka. Wanakuja huku, miguu mingi, hakuna anayezungumza. Sufu iko magotini mwangu, kamba imekatika vipande viwili, na mkono wangu haufiki! Sifiki!

Plangoni kaingia. Kaona. Nimemwona ameona. Nilitaka kuifunika na shela, nikashindwa hata hilo.

Kachukua sufu, kaunga kamba, kasema, "Mama, geuka."

"Toka lini unajua?"

"Thrata alinifundisha fundo jana uani, wewe uliporudi ndani. Alisema labda hatarudi na mikono ya kukufungia."

Wanabisha hodi. Eupolemo anaita, "Dada, fungua," na sauti yake siielewi, si ya hasira, si ya furaha, sijawahi kuisikia. Plangoni kaweka goti mgongoni mwangu, anavuta. Ananiuliza kama imebana sana. Nimemwambia kaza, mwanangu, kaza upande wa kushoto, wanabisha tena